Lenzi Niliyoibadilisha kwa Baiskeli

Mpishi aliyeitamani baiskeli yangu alikuwa na lenzi mbili lakini hakuwa na kamera. Ulikuwa mwaka ambao Wazungu wa mashamba ya karanga walianza kufungasha pale Nachingwea, na kila aliyewafanyia kazi aliachiwa kitu: huyu kiti, yule jiko la mafuta ya taa, mwingine mbwa asiyejua neno la Kiswahili. Bwana wa mpishi huyu alikuwa fundi wa matrekta aliyependa kupiga picha. Kamera aliondoka nayo, lenzi mbili akamwachia mpishi. Labda zilimponyoka kwa haraka, labda hakujua ampe nini. Mpishi alitaka kurudi kwao Naipingo akiwa juu ya baiskeli, watu wamwone.

Mimi nilikuwa nafanya kazi katika studio ya Mhindi mmoja karibu na soko. Kamera ya studio ilikuwa kubwa, ya miguu mitatu, na haikuruhusiwa kuvuka mlango. Nilikuwa na kamera yangu ndogo, aliyoniachia Mhindi huyo, tajiri wangu, baada ya kuichoka, lakini masika iliyopita lenzi yake ilikuwa imeota ukungu ndani, na kila niliyempiga alionekana kama amekaa nyuma ya chandarua. Lenzi zote mbili za mpishi ziliingia kwenye kamera yangu. Yeye alikuwa tayari kutoa moja, si zote. Mtu aliyepikia watu wakorofi miaka mitatu huwezi kumchezea.

Nilitaka lenzi kwa ajili ya mtu mmoja tu, bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mgonjwa kule Chinongwe. Ndiye aliyenilea. Hakuwahi kupigwa picha hata mara moja, na macho yake yalikuwa yameanza kukataa jua, hata akawa anashinda ndani, mlango umerudishwa nusu. Kumtoa nje hadi uani ilikuwa kumtesa.

Na nilikuwa na deni langu jingine kwake, ambalo halikuwa la fedha. Bibi alivaa ndonya, kile kipande cha mti cha mviringo kinachochomekwa kwenye mdomo wa juu, urembo wa wanawake wa kwetu wa zamani. Nilipokuwa shule ya misheni alitembea kutwa nzima kuniletea unga na karanga za kukaanga. Wenzangu walimwona uwanjani wakaanza kucheka. Mmoja akaniuliza, "Yule nani?" Nikasema, "Simjui." Bibi alikuwa karibu, alisikia. Alinitazama, akaweka mzigo chini ya ukuta, akaondoka. Hakuwahi kunitajia habari hiyo. Macho yale ndiyo niliyotaka kuyapiga picha, mbele ya watu wote, niyatundike ukutani niseme ni ya bibi yangu. Ndivyo nilivyojidanganya kwamba jambo lile lingerekebishika.

Basi nikaenda kuchagua. Lenzi ya kwanza ilikuwa ndogo, tundu lake jembamba. Ya pili ilikuwa nzito, kioo chake kipana, imetengenezwa kwa kupiga sura za watu karibu, tena hata penye mwanga hafifu. Tajiri wangu nilikwenda naye, kwa kuwa alijua zaidi. Alizigeuza zote mbili, akasema, "Chukua dogo. Hii kubwa iko nzuri lakini yeye napenda mahali moja tu. Pua ikitoka safi, sikio hapana. Dogo nashika mtu yote, mpaka miguu."

"Lakini ndani ya nyumba ya udongo hiyo ndogo itanipa giza tupu," nikasema.

"Basi ngoja mama iko pona, toa nje."

Mpishi alikuwa na kipimo chake. Alitoka nazo juani, akajaza tumbaku kwenye kiko, akaielekeza ile ndogo, tukangoja weee. Kisha akaielekeza ile kubwa, na moshi ukatoka papo hapo. "Umeona, kijana?" akasema, akavuta. "Hii inakusanya jua lote la Nachingwea." Tajiri wangu alicheka, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilimpa mpishi baiskeli. Aliondoka akipiga kengele njia nzima, na hakukuwa na mtu wa kumpisha.

Nilipata lori la Ruangwa, nikashuka, nikamalizia kwa miguu hadi Chinongwe. Mama mdogo, dada yake mama, ndiye aliyekuwa akimuuguza. Alikuwa amemwogesha Bibi na kumvika kaniki mpya. Ndonya aliyovaa ilikuwa ile ya sherehe, ya mpingo, imepakwa mafuta mpaka inang'aa.

"Mume wangu," Bibi aliniambia kwa Kimwera, kwa utani wa bibi na mjukuu, "umekuja kunichukua, umeleta hicho kidude kidogo hivyo? Nitaenea humo?"

Nikamwambia sura itaenea. Akagusa mdomo. "Niitoe?"

Aliuliza kwa upole kabisa, na hapo nikajua kwamba miaka yote ile hakuwa amesahau. Nilitamani ardhi ipasuke. "Usiitoe, Bibi," nikasema. Alifurahi, akajiweka sawa kitandani.

Sasa nieleze kosa langu, maana ni langu peke yangu. Katika kamera ile ukichungulia unaona mtu mara mbili, vivuli viwili, na unazungusha lenzi mpaka vivuli viungane kuwa kimoja. Ili uone vimeungana unahitaji mstari ulio wazi. Kwa lenzi yangu ya zamani nililenga kifungo cha shati la mteja, au ukosi, nikapata mtu mzima safi kuanzia kifungo mpaka masikio. Mkono wangu ulizoea hivyo. Mle chumbani mwa Bibi mwanga wa mlango ulikuwa unaangukia kitu kimoja tu chenye mstari wazi, nao ulikuwa ukingo wa ile ndonya. Nikauunganisha vizuri sana. Nilijisifu hata. Nilipiga mara sita, na mara zote sita nililenga palepale, mpaka Bibi akachoka akalala.

Nilirudi Nachingwea nikausafisha mkanda wa picha. Ulipokauka niliuangalia dirishani, sikuamini, nikachapa picha moja kwenye karatasi nikidhani karatasi itaona nisichokiona. Ndonya ilitoka ajabu. Mchirizi wa mafuta ulionekana, mikato midogo ya kisu cha mchongaji ilionekana, hata mkunjo wa mdomo ulioizunguka. Nyuma yake uso ulikuwa unayeyuka, na macho yalikuwa madoa mawili ya kijivu. Tajiri wangu aliitazama, akanirudishia. Hakusema, "Nilikuambia," na ningefurahi angesema.

Lilikuwa jambo la kurekebishika. Ilinibidi kurudi tu, kulenga kope, kupiga tena. Lakini mvua zilikuwa zimeanza, malori yalikwama kwenye tope, na kwa baiskeli yangu ningefika kwa siku moja ya kusukuma na kupanda. Baiskeli yangu ilikuwa Naipingo inabeba mpishi. Siku mbili nilikaa kwenye kituo cha malori nikiuliza kila dereva. Siku ya tatu nikaanza kutembea, kamera nimeifunga kwenye kitambaa cha mpira, na ile picha mbaya ndani ya bahasha, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi Bibi atashika karatasi mkononi. Nilitembea kwa hasira, nikimtukana mpishi, nikiitukana lenzi, na hakuna hatua iliyopungua kwa matusi hayo.

Nilipofika, wanaume walikuwa wametoka kuzika. Walikuwa wakinawa mikono. Hakuna aliyenilaumu, wala hakukuwa na kazi iliyobaki ya kufanya. Nilisimama na kamera yangu kama mtu aliyeleta jembe baada ya mavuno.

Siku ya tatu ya matanga mama mdogo aliomba aione picha. Nilisita, lakini ningemnyimaje? Aliishika kwa ncha za vidole.

"Miguu yake iko wapi?"

"Haikuingia, mama."

Akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. "Ndonya ni yake," akasema. "Naijua, nimeipaka mafuta kwa mkono wangu. Lakini huyu mtu simjui."

Hakuwa na ubaya wowote. Habari ya shule hakuwahi kuisikia kwa mtu. Alisema alichokiona.

"Ni bibi yangu," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa msibani, hata wanawake waliokuwa uani wakageuka.

Mama mdogo akanishangaa. Akasema anajua, akanirudishia picha.