Rundo Langu Lisilo na Zimwi

Sogea karibu, msomaji, nikueleze polepole nilivyoaibika Jumamosi katika ukumbi wa mtaa wetu, Baba Dogo. Mimi ndiye niliyewafundisha wengi hapa mchezo wa kadi za mazimwi, na katika timu ya mtaa ilibaki nafasi moja. Niliitaka sana.

Wenzangu hupanga kadi za kushambulia. Mimi nilipanga rundo lisilo na zimwi hata moja. Katika mchezo huu, anayetakiwa kuokota kadi akakuta rundo lake limekwisha, ameshindwa. Basi nikaweka kadi za kujikinga na za kuokotesha, ili rundo la mpinzani liishe, na rundo nikalifanya jembamba ili nizipate haraka.

Mpinzani wangu katika kuiwania nafasi hiyo alikuwa Akinyi, muuza akala, vile viatu vya matairi, katika soko la Kariokor. Kila alipookota, nilisimama kuwafafanulia watazamaji.

"Mnaona rundo lake linavyokonda?"

"Ticha, cheza bwana!" watazamaji wakapaza sauti.

"Tulieni, hili ni somo."

"Mwacheni," Akinyi akasema akitabasamu. "Anafundisha poa."

Zamu yangu ikafika. Nikanyoosha mkono huku nikiwatazama wanafunzi wangu, nikapapasa kitambaa kitupu cha meza mahali lilipokuwa rundo langu. Kadi zangu zilisema wachezaji wote wawili waokote, nami nilikuwa nimetii kila mara.

"Ticha," Akinyi akauliza kwa upole, "unatafuta nini hapo?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami nikacheka hadi machozi. Nafasi akaichukua yeye.

Ukitaka kujaribu rundo kama hili, hakikisha kwanza kadi zako ni nyingi kuliko za mpinzani.