Msimu Mbaya wa Loretta Pruitt

Loretta Pruitt aliishi kwa karata tangu ujana, palepale Las Vegas alipozaliwa, na majirani walishazoea kumwona akitoka asubuhi na chupa yake ya maji kama mwalimu anayekwenda shuleni. Alicheza poka mchana, saa ambazo walevi hawajaamka na meza zimejaa wastaafu. Hakuwa mtu wa papara. Akishinda alirudi nyumbani kupika, akishindwa alirudi nyumbani kupika. Mumewe Garth, fundi wa viyoyozi, alisema ukimtazama mkewe usoni akiingia mlangoni huwezi kujua siku ilikuwaje.

Kushindwa mfululizo si jambo geni kwa mtu wa kazi hiyo. Loretta alishapitia vipindi vya namna hiyo na dawa yake aliijua: unashuka meza, unapunguza saa, humlaumu mgawaji karata, unasubiri. Kwa hiyo mambo yalipoanza kwenda kombo wakati wa joto hakushtuka. Joto likaisha, bado anashindwa. Akahamia meza ya dau dogo. Huko nako akashindwa.

Kisha kikatokea kisa cha pau, ile karata nyeusi inayofanana na shupaza. Katikati ya meza palikuwa na shupaza tatu, na Loretta alikuwa na hakika ameshika shupaza mbili nyingine. Tano za aina moja. Mkono wa karata wa kutembea nao kifua mbele. Akasukuma mbele kila alichokuwa nacho. Mama mmoja mstaafu aliyeketi mkabala naye akamfuata. Loretta akafunua karata zake kwa utulivu. Mgawaji akazitazama, akamtazama yeye, akasema taratibu kwamba moja ni pau.

"Bibie, leo miwani umeiacha kwa nani?" mtu mmoja akamtania, na meza nzima ikacheka. Loretta naye akacheka.

Mama yake alianza hivyohivyo. Opal alikuwa mgawaji karata katika kasino ya katikati ya mji, mwenye mikono myepesi ajabu. Hata umri wa kustaafu hajaufikia, akaanza kusahau zamu ni ya nani. Wakasema ni uchovu. Alipofika mwisho alikuwa akimwita Loretta kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa, na ukimpa karata alizigeuzageuza kama kitu cha mtu alichookota njiani. Loretta sasa alikuwa na umri ule ule.

Tangu siku hiyo kila mkono alioshindwa aliusikia kama hodi ya ugonjwa ule mlangoni. Mtu anayeshindwa kwa bahati mbaya na mtu anayeshindwa kwa sababu akili inamponyoka, mezani wanafanana kabisa. Akawa anachungulia karata zake kila zamu inapomfikia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Siku nyingine alifika kwenye maegesho ya kasino akashindwa kushuka garini, akijipima kama anakumbuka jana alikula nini. Garth alimwambia bahati itageuka, kwamba yeye anamwamini. Imani hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi. Habari ya pau hakumgusia.

Mwishowe alimwendea Virgil Stamper, mzee wa mirija ya oksijeni puani ambaye walikuwa wakinyang'anyana riziki mezani tangu zamani. Alimkuta kwenye mgahawa akila mayai na viazi vya kukaanga. Akamweleza yote, sauti chini, kisha akamwomba akae nyuma yake siku nzima, amtazame anavyocheza, na asimwonee haya.

"Miaka yote hii nakutafutia udhaifu, leo unaniletea kwenye sahani," Virgil akasema. Ila alikuja. Msimamizi wa chumba cha karata akamruhusu, naye akaketi na mtungi wake wa oksijeni mpaka Loretta alipoinuka. Wakatoka nje, juani.

"Sema tu, mzee wangu."

"Hujasahau karata hata moja. Lakini mkono ukiwa mzuri unauchungulia mara mbili tatu, na wote wanaona, wanakimbia. Ukiwa mbaya unaushikilia ili ujithibitishie kwamba bado unaweza. Unacheza na marehemu mama yako, Loretta. Sisi wengine hutuoni."

"Na kichwa changu je?"

Virgil alirekebisha mirija yake. "Hilo silijui, mama. Twende kwa anayejua."

Yeye ndiye aliyempeleka hospitali, akamsubiri nje. Daktari alimtaka achore saa, arudie maneno, ahesabu kwa kurudi nyuma. Daktari akasema haoni dalili za ugonjwa wa mama yake. Hofu na kukosa usingizi vinaweza kumchanganya mtu hivyo. Akamwambia arudi baada ya mwaka. Loretta akataka kusikia kwamba haitatokea kamwe. Daktari akasema hilo hawezi kumwahidi mtu yeyote.

Alipumzika, kisha akaanza upya kwenye meza ya chini kabisa, pamoja na watalii. Karata anaziangalia mara moja, anaweka mikono juu ya meza. Bado alishindwa. Siku moja aliweka dau kubwa akiwa na malkia watatu, na karata ya mwisho kabisa ikampa mwenzake ushindi. Loretta alikwenda chooni, akajifungia, akazitaja karata zote za mkono ule kwa mpangilio zilivyotoka. Zote zilikuwepo kichwani. Akaegemea mlango akilia, mdomo ameuziba kwa kiganja.

Bahati ilirudi polepole mwaka mpya ulipoingia, bila kishindo, leo kidogo, kesho kidogo. Akarudi kwenye meza yake ya zamani, ambako Virgil alimkamua siku ya kwanza tu na kumwambia karibu nyumbani.

Hofu haikumtoka. Siku ya kurudi kwa daktari ilipokaribia, akaanza tena kujiuliza alikula nini jana. Asubuhi moja, Garth akiwa anafunga kamba za viatu, Loretta aliketi kando yake akamweleza habari ya pau, ya Opal, na ya hospitali. Garth akaziacha kamba zikining'inia. Baadaye akauliza miadi ya daktari ni siku gani, akapiga simu kazini kuomba ruhusa ya siku hiyo.