Masizi ya Sebuleni kwa Magnhild

Mara ya kwanza Magnhild Olderskog kunipigia simu, alitaka kunipa mashua. Mashua nzima na injini yake, mradi nimletee pampu ya joto nyingine badala ya ile iliyokuwa kwake. Mimi nanunua na kuuza vitu vilivyotumika kisiwani kwetu, huku kaskazini kabisa ya Norwe, na mtu akianza na bei kubwa hivyo najua amebanwa. Nikapakia pampu moja nzuri garini, nikaenda.

Kilichombana ni mumewe, Birger. Mapafu yake yaliharibikia kwenye kiwanda cha unga wa samaki, na nesi alikuwa ameshasema waziwazi: sebule ikiendelea kuwa baridi, mzee atavushwa kwa feri mpaka makao ya wazee mjini. Magnhild hakutaka hata kulisikia neno hilo.

Nilimkuta Birger kitini, blanketi hadi kidevuni. Ilikuwa miezi ya giza, jua halichomozi kabisa, na kama nyumba zote hapa, mishumaa ilikuwa inawaka madirishani, mezani, juu ya kabati. Jikoni ndimi za samaki zilikuwa zinakaangwa kwa siagi. Pampu, lile sanduku jeupe la ukutani linalopuliza joto, ilikuwa inapumua kwa kukatakata, fu, fu, fu. Niliizima, nikaiwasha tena. Ikatoa harufu ya soksi mbichi. Nikaweka kiganja kwenye mdomo wa pampu: upande huu hewa inakuja, upande ule hamna kitu. Ukuta chini yake ulikuwa na michirizi ya maji, na pazia lilikuwa na vidoa vyeusi.

"Paa linavuja," alisema Magnhild.

"Paa halina kosa, huo ni mvuke tu kwenye ukuta baridi. Hii pampu yako ni nzima. Inataka kuoshwa tu."

"Chujio naliosha kila Jumamosi!"

Na kweli, chujio lilikuwa safi. Nikalichomoa, nikamulika tochi ndani zaidi, kwenye feni. Feni yake ni ndefu na ya duara kama gunzi, na kati ya panga na panga lazima pawe wazi. Ile ilikuwa kama hindi ambalo halijapukuchuliwa. Masizi ya mishumaa na mafuta ya kikaangoni yalikuwa yamegandana, na ukungu umeota juu yake.

"Njoo uone uchafu," nikamwambia.

Hapo biashara ikaharibika. Magnhild alikuwa msimamizi wa usafi kwenye kiwanda cha samaki hadi alipostaafu, na wanawake wa kisiwa walikuwa wakipiga deki kwanza ndipo wamkaribishe kahawa.

"Uchafu? Nyumbani kwangu?"

"Nimesema pampu, sijasema wewe."

"Pampu iko nyumbani kwa nani? Wewe mtoto wa Edvin, baba yako alikuwa anapangusa buti kwa mkate, leo unakuja kunifundisha usafi!"

Birger alicheka mpaka akakohoa. "Mwache aifungue, Magnhild. Huyu angeuza hata theluji. Ukiona amekataa mashua, jua kuna jambo."

"Wewe nyamaza. Pumzi zenyewe chache, zitunze."

Si huruma iliyonifanya nikatae mashua. Pampu mpya ndani ya sebule ile ingeziba vilevile kabla ya Pasaka, naye angenitangaza tapeli kwa kisiwa kizima. Kisiwa ni kidogo. Jina likiharibika, umekwisha. Nikamwambia nitaosha kwa bei ya kawaida. Akanifungulia mlango nitoke, nikaondoka na pampu yangu garini.

Baada ya hapo nilikuwa nikipita pale na gari. Kila wiki mishumaa ilizidi madirishani. Nilielewa hesabu yake: joto likipungua, anawasha mwingine, na kila mwingine unapeleka masizi yake kwenye feni ileile. Watu walipita wakisifu jinsi nyumba ya Magnhild inavyopendeza. Nesi alipokuja akakuta mzee amevaa koti la kuendea baharini ndani ya nyumba. Wakamvusha kwa feri iliyofuata.

Ndipo Magnhild aliponipigia simu ya pili. "Njoo uoshe," akasema, basi.

Nilifunga mfuko wa plastiki chini ya pampu, nikapuliza maji ya moto. Ndoo ilijaa maji meusi kama ya mkaa. Magnhild aliyaangalia.

"Yote haya yalikuwa yanapulizwa kwa Birger?"

"Mengine yalibaki kwenye pazia."

Sebule ilipopata joto, alipiga simu makaoni, akawaambia wamrudishe mumewe. Wakamjibu kwamba sasa anatumia oksijeni na anahitaji uangalizi wa kudumu. Kitanda ni chake, haondoki tena. Akaomba wampe Birger simu. Akausogeza mkonga wa simu karibu na pampu.

"Unaisikia?"

Sauti ya mzee ikaja kwa mbali: "Sisikii kitu."

"Ndivyo inavyotakiwa. Ikiwa safi haisikiki."

Malipo alitaka kunipa mara mbili. Nilichukua yangu, kisha nikamwomba kitu kimoja: aseme dukani tulichokikuta. Nilijua ninachoomba, naye alijua. Siku ya pili alisimama karibu na birika la kahawa pale dukani, wanapokutania watu, mbele ya wanawake waliomwogopa miaka yote, akasema hata kwake ilikuwa chafu. Kwamba chujio safi lisiwadanganye, wanuse pampu inapowaka, wasikilize inavyopumua, wachungulie feni kwa tochi. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Tangu siku hiyo, kila mwaka miezi ya giza ikikaribia, sina nafasi. Nyumba zote zinaniita, na bei nimepandisha. Birger alikufa mjini msimu uleule wa giza, kabla jua halijarudi. Magnhild ana sebule yenye joto kuliko zote kisiwani, na haketi humo. Anakaa jikoni, karibu na simu, mlango wa kati ameufunga.