Trekta Lililolipuka Mbele ya Nyumba ya Bibi

Nilipokuwa na umri wa kuchunga ndama, kijijini kwetu nje ya Kahama, bibi yangu alinusurika kufukuzwa kwa sababu ya trekta.

Lilikuwa trekta kuukuu la petroli, mali ya kijiji, la kubebea pamba kwenda ghalani. Kila lilipofika mbele ya nyumba ya Bibi Minza, bomba lake la moshi lililipuka kama gobore. Likishavuka mto, kimya. Bibi alikuwa mjane, akiishi peke yake, na macho yake yalikuwa mekundu. Kwetu kuni zilikuwa adimu, wanawake wote walipikia samadi ya ng'ombe, na moshi wake uliwawasha macho wote. Lakini wekundu wa macho ulihesabiwa ushahidi wa uchawi kwa kikongwe tu.

Dereva, Masanja, alibadilisha plagi, akasafisha kabureta. Mlipuko ukabaki palepale. Hilo ndilo lililomponza bibi: ikiwa injini haina kasoro, basi kuna mkono wa mtu. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakaitisha mkutano. Bibi akionekana mchawi angetengwa, asipewe moto wala salamu, mpaka ahame. Na wapo vikongwe ambao hawakupewa hata nafasi ya kuhama. Mama yangu alilijua hilo. Asubuhi ile hakula.

Kamanda wa sungusungu, Mzee Lushinge, alisema kwa ufupi kwamba uchawi uko kwa Minza. Bibi akaomba kuuliza.

"Masanja, mjukuu wangu, ukifika kwangu mguu wako unafanya nini?"

"Naachia mafuta, bibi, nanyanyua mguu. Pale ni mteremko."

"Mteremko mwingine uko wapi?"

Masanja akanyoosha kidole. "Kwa kamanda. Ule wa kisimani. Lakini sijawahi kupita na trekta."

"Basi pita leo. Mimi nipo hapa, nishikeni."

"Unataka kunihamishia uchawi wako?" kamanda akafoka.

"Baba, si umesema uko kwangu? Unaogopa nini?"

Watu wakacheka kidogo, na kamanda hakuweza tena kukataa. Trekta likapanda kilima polepole, likageuka, likaanza kushuka kwa kamanda. Wanawake wawili walimshika bibi mikono kama mwizi. Mimi niliziba masikio.

Likalipuka. Kuku wa kamanda wakaruka mpaka juu ya paa.

Shangazi yangu akamgeukia mke wa kamanda. "Mama Holo, pole. Kumbe umelala na mchawi miaka yote hii!"

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Mama Holo mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi. Nimehudhuria mikutano mingi tangu siku hiyo, na sijaona hukumu iliyokufa haraka namna ile.

Bibi hakucheka. "Sasa apite kwangu bila kuachia mafuta," alisema. Masanja akapita, mguu wake umetulia. Trekta likashuka mpaka mtoni likinguruma tu.

Jioni hiyo Masanja alitafuta mahali alipokuwa hajatazama. Bomba la moshi linapoungana na injini alikuta masizi yametapakaa: gasketi, kile kipande cha kuzibia maungio, ilikuwa imeungua, pana ufa. Alipoachia mafuta mteremkoni, petroli isiyoungua ilikimbilia kwenye bomba la moto, ikakutana na hewa iliyoingia kwenye ufa, ikalipuka. Akaweka gasketi mpya, akakaza nati. Lilibeba pamba msimu mzima bila kulipuka tena.

Siku hizi naishi Katoro, nalea watoto wanne, na sina muda wa kubishana na mtu kama uchawi upo au haupo. Ninachojua ni kwamba siku ile hakuna aliyeacha kuamini. Waliamini vilevile walivyoamini asubuhi, na bado bibi aliwashinda, kwa kuuliza trekta linafanya nini badala ya kulia kwamba yeye hajafanya lolote. Nimejaribu kuwafundisha hivyo binti zangu. Mmoja ameshika, mwingine bado analia.

Bibi Minza aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alikufa kwa uzee, kitandani kwake, katika nyumba ileile ya mteremkoni. Mzee Lushinge alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.