Zamu Yake ya Drafti

Mke wangu alipopata kiharusi tulimhamisha kutoka Makina tukampeleka Kawangware kwa binti yetu, kwa sababu kwetu choo kiko mbali na njia yake ni ya mawe. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea, mguu pia, na hakuweza kusema. Alituelewa vizuri, macho yake yalionyesha hivyo, lakini kinywani ilitoka sauti moja tu, "mm", kisha ananyamaza. Nilimshukuru Mungu kwa kumwachia uhai, na hadi leo namshukuru. Ila sikuweza kukaa naye.

Nimefundisha madrasa tangu nikiwa kijana. Somo la subira nimewasomesha watoto, na baadaye watoto wa watoto hao. Sasa nikikaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake, miguu inanisukuma. Natoka mlangoni, narudi, naangalia dawa ambazo nilikwisha kuziangalia, natoka tena. Asubuhi nyingine nilitembea kwa miguu hadi Makina kutazama nyumba yetu iliyofungwa, nikatikisa kufuli, nikarudi. Msikitini wakiniuliza habari za mgonjwa nilijibu alhamdulillahi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Binti yetu ndiye aliyechoka kwanza.

"Baba, mama anazungusha macho siku nzima akikufuata," aliniambia. "Kaa chini. Shika hii."

Alikuwa ameniwekea drafti kwenye simu. Mimi ndiye niliyewakanya watoto wa watu miaka yote kuhusu michezo ya simu, kwa hiyo nilicheza nimegeukia ukuta.

Mchezo ule ulikuwa na kikundi cha wachezaji, wengi wao wa hapa Nairobi, na mtu alipewa nusu dakika tu kusogeza kete yake. Hilo sikulijua. Mpinzani wangu wa kwanza nilimwandikia salamu kamili, nikamuuliza habari za nyumbani, za watoto na za afya, maana sijawahi kukaa mbele ya mtu nikaanza kumla kete bila kumjulia hali. Nilipomaliza kuandika nilikuwa nimeshindwa. Wa pili vivyo hivyo. Kufikia wa tatu kikundi kizima kilikuwa kinanicheka. Huyo wa tatu alikuwa mama mshonaji anayekaa Gatwekera, mzaliwa wa Kitui, na badala ya kuandika alinitumia ujumbe wa sauti, cherehani ikilia nyuma yake.

"Mzee, unashindwa na salamu tu," alisema. "Haya, kwangu ni wazima. Kwako je?"

Sijui kwa nini nilimjibu ukweli. Labda kwa sababu hakuwa akiniona uso. Nilimwandikia pale pale kikundini kwamba mke wangu hasemi, na kwamba mimi siwezi kutulia naye chumba kimoja. Nikaona haya mara tu nilipoutuma ujumbe. Yule mama akanieleza kwamba mamake alipatwa na hayo hayo, na yeye, aliyebaki kumuuguza, alikuwa akifua nguo zilizo safi ili tu mikono isikae bure. Fundi wa viatu wa upande wa Ayany, aliyeanzisha kile kikundi, akaandika kwamba babake aliugua hivyo pia. Hakuna aliyenihubiria. Mimi niliyezoea kuhubiri nililiona hilo, nikashukuru. Kuanzia siku hiyo swali la kwanza lilikuwa, "Niaje mzee, mama ameamkaje?" Baada ya hapo ndipo waliponidharau kwa uchezaji wangu.

Siku moja mshonaji aliuliza kama mama mwenyewe anajua drafti. Anajua. Alifundishwa na kaka zake kabla sijamwoa, na miaka yetu ya kwanza alinishinda mara nyingi mpaka nikaanza kusema nina kazi. Mshonaji akasema, basi mpe yeye acheze.

Kliniki walikuwa wamemwambia mke wangu aushughulishe mkono mbovu kwa vitu vidogo. Binti alichora ubao kwenye kipande cha katoni, akaokota vifuniko vya soda kibandani, na sinia tukaiweka mapajani mwa mama. Yeye alisogeza kifuniko, mimi nikasogeza kete kwenye simu. Nusu dakika haikumtosha hata kunyanyua kidole. Fundi wa viatu akaondoa saa katika michezo yetu, mtu akae na zamu yake hata siku nzima.

Wao waliweza kungoja. Kidole cha mke wangu kilikaa juu ya kifuniko, kikatetemeka, kikarudi, kikaanza upya, na mimi naiona kete ya kula iko wazi. Asubuhi moja nilishindwa. Nikaicheza mwenyewe kwenye simu.

Ujumbe wa sauti ulikuja bila mlio wa cherehani. "Mzee wangu, hiyo si mama," mshonaji alisema. "Mama hakimbiliangi pembeni. Hiyo ni wewe."

Nilianza kuandika kwamba ni yeye. Nikafuta. Nikakiri kwamba nilicheza mimi kwa kuwa mama alichelewa.

"Hajachelewa. Sisi tunamngoja. Rudisha."

Simu ilikuwa ikisema kwa sauti na mke wangu alisikia yote. Aliniangalia, akaangalia ubao. Hapo nikakumbuka kwamba majuma yote yale, kila alipoanza "mm" nilimkatiza, maji? blanketi? nikaleta maji, naye akanywa asiyoyataka. Nilirudisha kete.

Alasiri iliadhiniwa zamu ikiwa bado ni yake. Nililaza simu kitandani, nikaenda msikitini. Niliporudi vifuniko vilikuwa pale pale, na kidole chake kiko juu ya kimoja. Nikakaa kwenye kigoda. Miguu ilinisukuma, nikaikandamiza sakafuni. Binti alipita na beseni, akafungua kinywa, nikamtikisia kichwa.

Mwishowe mke wangu alikiburuta kifuniko, kwa mkono wa kulia, akakipeleka mahali pabaya kabisa. Niliona kwamba ataliwa mbili. Nikaicheza alivyoicheza.

Mshonaji alikula zote mbili bila huruma. "Asante mama," alisema, "leo umenilisha mpaka nimeshiba."

Mke wangu alitoa ile "mm" yake. Sikuuliza kama ni maji. Midomo ilikuwa inatafuta, ikafunga, ikatafuta tena, nami nilishika tasbihi bila kuihesabu.

"Ngo... ngoja," alisema.

Sikumuuliza anamwambia nani. Mkono wake ulikuwa umesharudi ubaoni.