Swichi ndogo ya gari yangu iliyotuzuia kufika Nundu

Wakuu, habari za huko muliko.

Mimi hakuna cha kunishangaza. Shule niliacha darasa la tatu, garage yangu ya hapa mjini Baraka niliijenga kwa mikono hii, na injini nimefungua za kila aina. Haya sikuyasikia kwa mtu, yalinipata mimi.

Wakati wa vita ile ya pili ya hapa kwetu askari walichukua magari yote. Yangu waliicheka tu, wakaiacha. Sports car ya zamani, milango miwili, injection, tumbo karibu liguse udongo.

Ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukikanyaga mafuta inaruka, inakata, inaruka tena, kama mtu mwenye kwikwi.

Jirani yangu Asukulu, fundi wa redio, aliinama akasikiliza injini, motere kama tunavyoiita huku.

"Chomoa ile plagi ya waya iko penye accélérateur. Swichi imekwama. Inaambia motere umetoa muguu, motere inakata essence, mafuta hayafike."

"Papa Asukulu, rudilia baredio yako. Motere haiimbake."

"Ya kwako inaimba, bwana. Ila vibaya!"

Watu walicheka. Mi nikabadilisha bougie, zile za kuwasha moto, nikajiambia imepona.

Siku hiyohiyo hernie, yaani ngiri, ilimukaza dada yangu Riziki. Huyo ndiye aliyenilea kwa kuuza mihogo, wazazi walipokufa. Muuguzi akasema ni kupasuliwa tu, hospitali ya Nundu, tena leo. Ziwani mitumbwi ilikuwa inapigwa risasi. Ilibaki gari yangu.

Njiani, kabla ya kufika Mboko, ikaanza kuruka vibaya. Kila ikiruka, dada analia.

"Simamisha, mudogo wangu. Iko inaniua."

Nikasimama juani. Barabara tupu, hakuna aliyepita. Nikafungua pompe, filtre, bougie, nikafunga, nikafungua tena. Masaa matano yakaisha.

Ile plagi niliiona, wakuu. Ilikuwa mbele ya vidole vyangu. Sikuigusa. Ningemuambia nini Asukulu?

Dada akanyamaza. Nikafikiri amepata nafuu.

Dada tulimuzika kwetu Baraka.

Matanga yalipoisha, Asukulu akaja mwenyewe. Akachomoa plagi, motere ikatulia palepale. Akaisafisha swichi kwa essence na kitambaa, akairudisha. Hakucheka.

Nilichojifunza: akikuambia anayejua, jaribu kwanza, hasira utaipata baadaye. Mafundi wa humu, nani amewahi kukataa kuambiwa? Andikeni, hata matusi nitasoma.

Nilimuuliza Asukulu kazi yake ni ngapi. Akaangalia chini.

Dola moja.

Nikamulipa.