Jibu la Litania

Nilikuwa na hofu ya neno moja tu: utuombee.

Shule niliiacha darasa la nne, na kusoma nilijifundisha mwenyewe katika kitabu cha sala cha mama, kilichokwisha kupoteza jalada. Kwa hiyo litania ya Bikira Maria niliijua kabla sijajua kuandika barua. Jumamosi jioni, katika kanisa letu la mtaa wa Katuba, mimi ndiye niliyeiongoza. Nyota ya asubuhi, ninaimba. Wamama wanajibu, utuombee. Mlango wa mbingu, utuombee. Sikuvumilia kukosea hata silabi. Nikikosea, chakula hakipiti kooni. Ndivyo nilivyo mpaka leo, na sijivunii.

Mkuu wa Chama mtaani kwetu aliisikia sauti hiyo. Akaja nyumbani, akakataa kiti.

"Commissaire anakuja kutembelea sisi. Ni huyu mutoto ataongoza animasyo."

Commissaire alikuwa mkubwa wa serikali, na animasyo zilikuwa nyimbo na ngoma za kumsifu Kiongozi wa nchi, na hakuna aliyeruhusiwa kubaki nje yake.

"Papa, mutoto iko na haya," mama alijaribu.

"Haya? Kanisani haya yake inabakia wapi?" Akacheka kidogo. "Baba yake anatumika kwa kampuni, hapana? Bon."

Tulimwelewa. Baba alifanya kazi huko, ya kuyeyusha shaba. Posho yetu ya unga, dawa, shule ya wadogo zangu, vyote vilitoka kwa kampuni. Kampuni ilikuwa ya serikali, na serikali ilikuwa Chama.

Wimbo wenyewe ulinitia baridi tangu mara ya kwanza nilipoufanyia mazoezi. Mimi nataja sifa ya Kiongozi, wamama wanajibu: Wetu! Baba wa taifa, Wetu! Nyota ya taifa, Wetu! Na walikuwa wamama wale wale wa Jumamosi, sasa wamevaa kitenge chenye uso wa Kiongozi kifuani. Majina yetu ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Kusali pamoja nje ya kanisa, vilevile. Utuombee moja tu ikiponyoka pale uwanjani, baba angeitwa kwenda kujieleza, na sikumjua mtu aliyejieleza akarudishwa kazini.

Basi nikajiwekea sheria. Kwa Mama Maria nasimama wima. Kwa Kiongozi nacheza kiuno. Hivyo mdomo ungejua uko wapi. Nilijaribu nikiosha vyungu, nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Ilifaulu kila mara, nami sikuamini hata mara moja.

Siku yenyewe commissaire aliketi chini ya turubai, fimbo magotini. Tuliimba vizuri. Nilianza hata kupumua. Ndipo akainua mkono.

"Muache ngoma kwanza. Niko nataka kusikia maneno."

Ngoma ikanyamaza, na kiuno changu kikanyamaza nayo. Nilisimama wima. Sauti ikashuka yenyewe, ikashika mwendo wa Jumamosi.

"Nyota ya taifa," niliimba.

"Utuombee," wamama wakajibu, wote pamoja, taratibu, kama waliopiga magoti.

Mkuu wa Chama alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Nyuma yangu jirani yetu mmoja alinong'ona, "Yesu wangu, tumekufa."

Commissaire akainama mbele. "Hii iko mupya," alisema. "Hata Kinshasa habana nayo. Murudie! Na mujibu kwa nguvu."

Ningepaswa kushukuru. Badala yake niliogopa zaidi. Ile ya kwanza ilikuwa mdomo kuteleza. Ya pili ingekuwa sala, na ingesaliwa kwa mtu aliyechapwa kwenye vitenge vyetu. Nikawatazama wamama, nikaona hawatajibu. Mama yangu alikuwa amefunga mdomo kama mtu anayekataa dawa.

"Citoyenne, uko nangoya nini?" commissaire aliuliza, akiniita mwananchi kama Chama kilivyoagiza.

Nikawageukia wamama. "Mujibu hivi," nikasema, kila silabi peke yake. "Tu-mu-o-mbee."

Mama ndiye aliyeelewa wa kwanza. Niliona midomo yake ikilijaribu lile neno.

"Nyota ya taifa!"

"Tumuombee!"

"Baba wa taifa!"

"Tumuombee!" Sasa walipaza sauti, na jirani yule akaongeza kutoka nyuma, "Tumuombee sana! Iko na lazima!" Mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko alichokibana.

Mkono wa commissaire ukapanda tena.

"We. Mara ya kwanza ilikuwa utu. Sasa ni tumu. Juu ya nini?"

"Citoyen commissaire, utuombee, ni muntu mumoja tu anatumika. Tumuombee, ni siye bote tunatumika."

Alinitazama muda mrefu kuliko jibu lile lilivyostahili. Wakubwa wengi wa wakati ule walisoma kwa mapadri, huenda naye, na litania aliijua. Kisha akapiga fimbo chini.

"Bon. Bantu bote batumike!"

Watu wakapiga makofi.

Nyumbani niliketi mbele ya bukari, ugali wetu, nikiyapekua maneno yangu moja moja, nikitafuta kosa. Baba alikuwa amesharudi kutoka kazini, na jirani alikuwa amekwisha kumsimulia yote. Mama akafunga mlango, akashusha rozari ukutani, akanitilia mkononi.

"Mbele ya bantu bote ulisema tumuombee. Ulisema ao haukusema?"

"Nilisema juu ya kuokoa tata." Nikamtazama baba.

"Mama Maria alisikia tu neno. Anza."

"Niombe nini juu ya ule muntu?"

"Ile banaombea kila muntu."

Baba akasukuma sahani yake, akapiga magoti bila kunitazama. Nikaanza Salamu Maria, sala niliyoijua kuliko jina langu. Nikafika penye utuombee sisi wakosefu, na hapo nikakwama, kwenye sisi. Nilijaribu kumwingiza Kiongozi katika sisi ile, hakuingia. Mama alingoja. Baba akakohoa. Nikarudi mwanzo.